Wizi wa maandishi usiokusudiwa katika hadithi: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kuhariri hadithi fupi na riwaya za Kiswahili, na mara mojamoja kuwafunza waandishi wanaoanza. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudi kila tunapokaa. Mengine huulizwa mbele ya wote. Mengine mtu huyaleta pembeni wakati wa chai, sauti chini, kama aliyekwisha kutenda kosa. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayoumiza kichwa. Panapogusa sheria nimeeleza kwa ujumla. Ukiwa na kesi mkononi, muone wakili.

## Mambo ya msingi

Wizi wa maandishi usiokusudiwa ni nini?

Ni pale sentensi, taswira, mhusika au mfululizo wa matukio ya mwandishi mwingine unapoingia katika hadithi yako huku ukiamini kwa moyo safi kwamba umeutunga wewe. Ni pia pale ulipojua si wako, ukauandika mahali ili uurudie baadaye, kisha ukasahau ulikoutoa.

Nia njema haibadilishi kilichomo kwenye ukurasa. Msomaji anayeyajua maandishi ya kwanza haioni nia yako. Anayaona maneno ya mtu mwingine chini ya jina lako.

Je, ni sawa na kuvunja hakimiliki?

Hapana, ingawa mara nyingi hukutana njiani. Wizi wa maandishi ni suala la uaminifu: umechukua cha mtu bila kumtaja. Hakimiliki ni suala la sheria: umetumia kazi inayolindwa bila idhini. Ukichukua ukurasa mzima wa mwandishi aliyefariki miaka mia na hamsini iliyopita na kuuita wako, hakuna mrithi atakayekupeleka mahakamani, lakini umeiba. Ukichapisha sura nzima ya riwaya iliyotoka jana na kumtaja mwandishi vizuri kabisa, hujamwibia sifa, lakini umemvunjia haki.

Sheria ya hakimiliki ya Tanzania Bara ni ya mwaka 1999 na ya Kenya ni ya 2001. Zote ziliweka ulinzi wa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, kwa hiyo kwa hesabu hiyo muda wake ulitimia 2012. Hata hivyo ukibeba beti zake bila kumtaja, kila aliyepita shuleni atakujua.

Jambo moja watu hulikosea sana: haki haisubiri usajili. Huanza kazi inapoandikwa, iwe imesajiliwa katika ofisi za hakimiliki, COSOTA ya Tanzania au KECOBO ya Kenya, au popote, au haijasajiliwa. Hadithi iliyozunguka WhatsApp kwa vipande, ikamaliza "itaendelea" mara ishirini na jina la mtunzi likadondoka njiani, bado ina mwenyewe.

Wazo la hadithi lina mwenyewe?

Wazo tupu halina. "Kijana wa kijijini anafika Dar es Salaam na kutapeliwa siku ya kwanza" ni wazo. Waandishi kumi wanaweza kuliandika na hadithi zote kumi zikawa halali. Lakini kijana akishuka basi na jogoo ndani ya kikapu, akatapeliwa na mwanamke anayejifanya shangazi yake, kisha akamkuta yule jogoo kwenye sinia la harusi ya tapeli huyohuyo, hapo wazo limekwisha kuvaa nguo za mtu. Kadiri mambo mahususi yanavyoshikana kwa mpangilio uleule, ndivyo unavyotoka njia kuu na kuingia shambani kwa mwenzako.

Mimi hupima hivi: nasimulia hadithi yangu kwa sentensi tano, halafu ile ninayoihofia kwa sentensi tano. Ikifanana ya kwanza tu, naendelea kuandika. Zikifanana zote tano, narudi mezani.

## Kumbukumbu

Mtu anawezaje kunakili bila kujua?

Kumbukumbu hubaki na maneno na kumwacha mwenyewe njiani. Utamu wa sentensi unaweza kukaa nasi miaka kumi baada ya kusahau tuliisoma wapi, na kitu kinachokaa ndani ya mtu muda huo wote huanza kunukia kama chake.

Mwaka 1891 Helen Keller, msichana Mmarekani asiyeona wala kusikia, akiwa na miaka 11, alitunga hadithi ya mfalme wa jalidi na rangi za majani ya miti. Aliituma kama zawadi ya siku ya kuzaliwa kwa mkuu wa shule ya wasioona ya Perkins, Boston, ikachapishwa. Punde ikagundulika kwamba inafanana mno na hadithi ya Margaret Canby, iliyotoka kabla Helen hajazaliwa. Ikabainika kwamba mwaka 1888 mtu alimsomea hadithi ile kwa herufi za kugusa kiganjani. Yeye hakukumbuka hata kidogo. Aliitwa mbele ya kamati ya watu wazima akahojiwa. Katika kitabu cha maisha yake cha 1903 anasimulia kwamba hofu ile haikumwacha: hata alipomwandikia mama yake barua, alizirudia sentensi tena na tena kuhakikisha hakuzisoma kitabuni.

Kila nikifika sehemu hiyo huwa nafunga kitabu kwanza. Masikio ya mtoto yule yalikuwa viganja vyake. Hadithi iliingia humo, ikalala miaka mitatu, ikaamka na sura ya ndoto yake mwenyewe. Mimi na wewe tunasoma kwa macho, tunasikiliza redio, tunatazama tamthilia, tunapokea visa kwenye simu usiku kucha. Vilivyolala ndani yetu ni vingi zaidi.

Wanasaikolojia wamelipima jambo hili. Mwaka 1989 Alan Brown na Dana Murphy waliwakalisha watu katika vikundi, kila mmoja akitaja kwa zamu mifano ya vitu vya aina moja. Baadaye walipotakiwa kuandika walivyotaja wenyewe, baadhi waliandika vya wenzao wakiamini ni vyao. Akili iliyo kwenye mbio za kutunga haina muda wa kutoa risiti.

Kwa hiyo niache kusoma ninapoandika?

Usiache. Mwandishi asiyesoma hukauka, na unaonekana ukavu wake. Chagua tu unachosoma. Ninapoandika rasimu ya kwanza ya hadithi ya pwani, sisomi hadithi nyingine ya pwani. Nasoma habari za kilimo, safari, hata vitabu vya mapishi.

Pia itilie shaka sentensi inayokuja imekamilika. Zangu za kweli huja na matope: neno limekosekana, kitenzi hakikai, nafuta mara tatu. Ikishuka moja imeoshwa na kupigwa pasi, naiwekea alama pembeni na kuiuliza ilikotoka kabla sijaipa nafasi.

## Daftari na simu

Nihifadhije maneno niliyoyapenda bila kujitega?

Hapa ndipo wengi huangukia, mimi nikiwamo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa naandika hadithi ya mvuvi. Katika daftari langu nikakuta mstari kwa mwandiko wangu, kalamu ya bluu, chini ya hesabu za sokoni: mchele, mafuta, vitunguu, halafu bahari iliyorudi nyuma kama mdeni. Hapakuwa na jina wala alama za kunukuu. Niliupenda, nikaujengea aya yote ya kwanza. Hadithi ilikuwa imeshafika kwa mhariri wa jarida siku nilipokuwa napanga vitabu kwenye rafu, nikafungua kimoja, mstari ukanitazama usoni. Niliunakili mwenyewe miaka miwili kabla, kwa mapenzi tu, labda nikiwa nimesimama kwenye foleni.

Nilimpigia mhariri siku ileile tukautoa. Aya ilibaki na pengo, na nilihitaji wiki nzima kulijaza.

Tangu hapo kila ukurasa wa daftari langu una mstari wima katikati. Kushoto ni maneno ya watu: ndani ya alama za kunukuu, pamoja na jina la mwandishi, kitabu na ukurasa. Jina linaandikwa kwanza, maneno yanafuata, kwa sababu ukianza na maneno utaitwa mlangoni na jina halitaandikwa kamwe. Kulia ni yangu, na ya kulia nayo yana mahali na siku. Nikifungua sasa nakuta: "Jumamosi, Feri. Mama muuza pweza anahesabu pesa kwa midomo, macho yako kwa mteja anayefuata." Mahali na siku vikiwapo, najua niliyaona kwa macho yangu.

Kwenye simu kanuni ni ileile: bandika kiungo kabla ya kubandika maneno. Ukipiga picha ukurasa wa kitabu, piga na jalada.

Nikibadilisha maneno kadhaa, si imekuwa yangu?

Haijawa. Tuseme umesoma: "Alifunga mlango taratibu, kama anayefunika chungu ili mvuke usimsikie." Wewe unaandika: "Akausukuma mlango polepole, mithili ya mtu anayefunika sufuria mvuke usije ukamgundua." Karibu kila neno limebadilika, na bado umechukua kilicho cha thamani, yaani jicho lililouona ukimya jikoni. Visawe havifichi kitu.

Jiulize mwandishi yule alifanya nini, kisha ukifanye kwa mhusika wako. Aliutazama ukimya kupitia kazi ya mikono. Mhusika wako ni fundi cherehani? Basi labda anafunga mlango kama anayechomoa pini kwenye gauni ambalo mteja bado amelivaa. Hapo umejifunza kwa mwenzako na mfukoni mwake hukutia mkono.

## Urithi wa wote

Naweza kutumia ngano alizonisimulia bibi?

Ndiyo, na tafadhali fanya hivyo. Visa vya Sungura na Fisi ni vya wote, na Abunuwasi alitufikia pwani kutoka masimulizi ya Kiarabu, akapita midomo mingi mno kudaiwa na mmoja. Lakini tofautisha kisa na usimulizi. Ukikitoa kwenye mkusanyiko uliochapishwa, maneno, utani na mpangilio wa yule aliyekiandika ni vyake. Dawa ni kukisikia au kukisoma kwa matoleo matatu au zaidi, ukafunga yote, ukasimulia kwa mdomo wako.

Ukichukua kwa jamii usiyotoka kwao, itaje jamii hiyo. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na hata pasipo sheria, watu wanapenda kusikia jina lao likitajwa mahali pa hadithi yao.

Shujaa wangu hauawi ila kwa kitu kimoja tu, kama Liyongo. Nimeiba?

Swali hili nalipenda. Katika utenzi alioandika Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Fumo Liyongo anauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Kwa Waluo, Luanda Magere ana mwili wa jiwe na nguvu zake ziko kivulini. Mkewe aliyetoka kwa maadui anaigundua siri. Samsoni alisalitiwa na Delila kwa nywele. Wagiriki wana Akile na kisigino chake. Hakuna aliyemwibia mwenzake hapo. Shujaa mwenye siri moja na msaliti wa nyumbani ni kisima cha kijiji.

Sindano ya shaba, kitovu na mtoto anayetumwa na maadui wa babaye ni ndoo ya Liyongo. Ukiitumia, iache ionekane wazi kwamba unazungumza na Liyongo. Ukitaka shujaa wako asimame peke yake, mtafutie siri inayotokana na maisha yake.

Na methali, majina ya kanga, mashairi ya taarabu?

Methali tumia upendavyo. Jina la kanga kwa kawaida ni mali ya mtaa mzima. Mhusika akilivaa kumjibu jirani, huhitaji kumwomba mtu. Taarabu na bongo fleva ni jambo jingine: wimbo una mtunzi, na kwa kuwa ni mfupi, mistari miwili tayari ni kipande kikubwa. Omba idhini, au eleza wimbo bila kuunukuu. Andika kwamba redio ya kinyozi iliimba juu ya mwanamke aliyechoka kungoja, mkasi ukasimama. Mara nyingi inapendeza zaidi.

Nikitumia vina na mizani vya utenzi wa zamani?

Bahari ya shairi, yaani umbo lake la vina na mizani, haina mwenyewe. Maneno yaliyomo ndiyo yenye mwenyewe.

## Kuathiriwa, kutohoa na kutafiti

Nampenda sana mwandishi mmoja na najiona naandika kama yeye.

Hiyo ni hatua, wengi tumeipita. Mtazame Muhammed Said Abdulla. Bwana Msa wake, mpelelezi aliyetoka katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, ana kiko mdomoni, rafiki wa kando na macho yanayoona wasichoona wengine. Msomaji wa Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, anamtambua ndugu yake papo hapo. Lakini visa ni vya Unguja, mazungumzo ni ya Waunguja, mafumbo yanatatuliwa kwa kuzijua familia, siri na aibu za watu wa pale. Aliazima kiti akakalisha mtu mwingine kabisa.

Ukiona huwezi kuandika ukurasa bila sauti ya yule umpendaye, soma watatu wengine kwa mfululizo. Sauti zikiwa nne, hakuna inayokutawala.

Nimesoma hadithi ya Kiingereza, nikaihamishia Mombasa. Lugha nyingine si inatosha?

Haitoshi. Lugha ikibadilika, mwenyewe habadiliki. Kutafsiri au kutohoa kazi inayolindwa kunahitaji idhini, na kazi isiyolindwa inahitaji kutajwa. Julius Nyerere alipotafsiri Mabepari wa Venisi, iliyotoka 1969, aliyetajwa kuwa mtunzi ni Shakespeare. Andika waziwazi "imetoholewa kutoka" na umtaje mtunzi. Hakuna msomaji atakayekushusha hadhi kwa hilo.

Ninaandika riwaya ya Vita vya Majimaji. Nimetumia vitabu vya historia. Je?

Matukio ni ya wote: vita kuanza 1905, Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe na maji yake, njaa iliyofuata. Sentensi za mwanahistoria si zako, wala maelezo ya kipekee aliyoyafikia baada ya kuhoji wazee. Hatari kubwa iko kwenye aya za kueleza mandhari, maana hapo mwandishi huchoka na kunakili. Tumia daftari la pande mbili (rejea swali la kuhifadhi maneno), na weka ukurasa wa shukrani mwishoni mwa riwaya.

Rafiki yangu alinisimulia kisa chake cha ndoa. Nikikiandika nimeiba?

Kisa kilichomtokea mtu si maandishi, kwa hiyo kwa kawaida si wizi wa maandishi. Ni amana. Mwombe. Akikataa, acha. Akikubali, badilisha vinavyomtambulisha, na kumbuka kwamba msemo wake mzuri ulioufanya uandike ni utunzi wake: mwambie umeuchukua.

## Penye utata

Nimekuta hadithi inayofanana na yangu, na kweli sikuwahi kuisoma.

Hutokea. Watu wanaoishi mji mmoja, mgawo mmoja wa umeme na foleni moja ya mwendokasi huwaza mambo yanayokaribiana. Tunza rasimu zako zote zenye tarehe, usiandike juu ya faili moja siku zote. Pima kwa zile sentensi tano. Kama kufanana ni kwa juu, endelea. Kama ni kwa ndani, ningebadilisha, hata nikiwa na haki, kwa sababu msomaji wa ile ya kwanza hatasoma yangu kwa utulivu.

Programu za kukagua wizi zinasaidia?

Kwa Kiswahili, kidogo. Hulinganisha na yaliyomo kwenye intaneti, na sehemu kubwa ya riwaya zetu iko kwenye karatasi tu. Programu ikisema kazi yako ni safi, inamaanisha haikukuta kitu huko ilikotafuta. Msomaji mzee mwenye rafu iliyojaa anazishinda programu kumi, mpelekee mswada.

Nikitumia akili mnemba (AI) kunisaidia kutunga?

Ikikupa sentensi, huna njia ya kujua imetoka wapi wala inafanana na ya nani, na kwenye daftari langu haina pa kuandikwa: kulia si yangu, kushoto haina jina. Iulize maswali ya utafiti na uyahakiki majibu. Sentensi ziandike mwenyewe. Mashindano na wachapishaji wengine hutaka useme kama umeitumia, kwa hiyo soma masharti.

Naweza kujiibia mwenyewe?

Unaweza kumhadaa mchapishaji. Mashindano mengi hutaka kazi ambayo haijachapishwa, na wengine huhesabu hata hadithi uliyoiweka Facebook. Uliza kabla ya kutuma.

Nimegundua baada ya kitabu kutoka. Nifanye nini?

Mwambie mchapishaji leo, kabla hujalala. Mpe kurasa mbili ubavu kwa ubavu, yako na ya mwenzako, bila kujitetea. Kama kazi inalindwa, mwandikieni mwenye haki. Toleo la mtandaoni hurekebishwa mara moja, la karatasi husubiri uchapaji ujao, au huongezewa shukrani.

Robert Louis Stevenson, mwandishi Mskoti, alieleza katika makala ya mwaka 1894 kwamba alipoandika Treasure Island alidhani yote yanabubujika kwake. Baadaye akafungua tena kitabu cha Washington Irving, mwandishi Mmarekani aliyemtangulia, akamkuta humo baharia wake mzee, sanduku lake na wateja wa sebuleni. Alilisema kwa kalamu yake mwenyewe, na tunalijua kwa sababu yeye alitwambia.

Na ikiwa mwenye maneno simjui kabisa?

Tafuta kwa siku kadhaa: uliza, andika kipande ndani ya alama za kunukuu kwenye intaneti, tafuta mtu aliyekutumia na aliyemtumia yeye. Ukimkosa, yaache. Kuandika "mtunzi hajulikani" kunafaa kwa methali na nyimbo za jando, si kwa mtu anayeweza kuwa hai Tanga au Bujumbura akingoja jina lake. Daftarini mwangu nina mstari mmoja wa aina hiyo, upande wa kushoto. Mahali pa jina pana alama ya kuuliza. Ungeufaa sana mwisho wa hadithi ninayoiandika sasa. Bado uko palepale.